Je, Wajua? Kwa Baiskeli Kutoka Tunduma Hadi Rukwa, Kupitia Msangano

Ukitajiwa Tunduma, kinachokujia kichwani haraka ni foleni ya malori, wabadilisha fedha na vumbi la mpakani. Ni sawa, vyote hivyo vipo. Lakini ukiupa mpaka mgongo, ukaelekeza usukani kaskazini kuingia Wilaya ya Momba, ukapita Msangano na kuteremka mpaka Kamsamba, utakuwa umeshika mojawapo ya njia zenye historia nzito kuliko nyingi zinazouzwa kwa watalii. Haya ni baadhi ya mambo ambayo mpanda baiskeli huyapita bila kujua.

Je, wajua kwamba maji ya mvua katika nyanda hizi huchagua njia tatu? Upande wa Momba, maji hushuka Ziwa Rukwa na safari yao huishia hapohapo, maana ziwa hilo halina mto unaotoka. Upande wa Ileje huingia Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi, yakaingia Ziwa Nyasa, yakapita Mto Shire na Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Ng'ambo ya Zambia, nyanda za juu za kaskazini-mashariki humwaga maji yake katika Mto Chambeshi, unaohesabiwa kuwa chanzo cha mbali kabisa cha Mto Kongo, na hatimaye Atlantiki. David Livingstone alizunguka huko kusini-magharibi akiamini kwamba mfumo huo wa mito huenda ukawa mwanzo wa Nile. Alifariki mwaka 1873 akiwa bado analitafuta jibu.

Na usichanganye Songwe na Songwe. Mito iko miwili yenye jina hilo: mmoja ni huo wa mpaka wa Malawi, mwingine unashuka kaskazini kuingia Rukwa. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na kuwekewa makao makuu Vwawa, unahusika na yote miwili. Mgeni akiuliza njia ya kwenda Songwe, mwulize kwanza: Songwe ipi?

Je, wajua kwamba Msangano imo katika vitabu vya jiolojia duniani? Bonde la Ufa, likifika pembe hii ya nchi, limekutana na ukaidi wa mwamba wa Mbozi. Mwamba huo haukupasuka, basi ufa ukagawanyika pande mbili: mkono mmoja ni bonde la Songwe, mwingine ni bonde jembamba ambalo wanajiolojia huliita kwa jina la Msangano. Ndiyo maana mwendesha baiskeli anayetoka Tunduma, iliyo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, anajikuta akishuka na kushuka tena hadi ukingo wa Rukwa, ulio mita 800 hivi. Huko juu asubuhi utavaa sweta, huko chini mchana utatafuta kivuli cha mwembe ukae chini yake. Kushuka ni raha, ila breki za raba huchoka haraka kwenye changarawe, na kila mteremko unaoufurahia ni mlima utakaoulipia ukirudi.

Mto wenyewe wa bonde hili ni Momba. Unaanzia Zambia, karibu na Mbala, ukiitwa Saisi. Julai na Agosti 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizingira ngome ya Waingereza na Wabelgiji kando ya Saisi na kushindwa kuiteka. Kwa hiyo maji yanayomwagilia mpunga wa Kamsamba yamepita kwanza katika uwanja wa vita.

Sasa twende Ivuna, maana hapa ndipo penye utajiri wa habari.

Je, wajua kwamba Ivuna, kata ya Momba iliyo upande wa ziwa, ilikuwa kiwanda cha chumvi karne nyingi kabla ya gari la kwanza kuonekana? Kuna chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba hapo, wakakuta tabaka juu ya tabaka za vigae, majivu na mabaki ya kazi ya chumvi, yanayorudi nyuma hadi karne ya 13 hivi. Ufundi wa namna hii unajulikana sehemu nyingi za bara: udongo wenye chumvi unawekwa katika chombo chenye matundu, unamwagiwa maji, yanachuruzika yakiwa makali, kisha yanachemshwa mpaka chumvi ibaki chunguni. Ni kazi ya kuni nyingi na jasho jingi, lakini mali yake ilikuwa na soko la uhakika, kwa kuwa mtu wa bara anaweza kukosa vitu vingi na bado akaishi, ila chumvi ataifuata hata kwa mwendo wa siku kadhaa. Juu ya ukingo wa bonde, Ufipa, walikuwako wahunzi waliojenga tanuri ndefu za udongo za kuyeyushia chuma, ndefu kupita mtu. Chumvi na chuma ndizo bidhaa zilizofungua njia nyingi za biashara ndani ya Tanganyika kabla ya misafara ya pembe za ndovu. Anayepanda mlima leo na gunia nyuma ya keria anafuata desturi kongwe; kilichobadilika ni kwamba mzigo umeshuka kutoka kichwani ukakaa juu ya magurudumu.

Ivuna haijaisha. Tarehe 16 Desemba 1938, jiwe lilianguka kutoka angani hapo. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 705 tu, pungufu ya robo tatu ya kilo. Ukilitazama ni kama kipande cha mkaa, jeusi na jepesi kuvunjika. Wanasayansi walipolichunguza waligundua kwamba uwiano wa elementi zake, ukiondoa gesi nyepesi kama haidrojeni na heli, unafanana mno na ule wa Jua lenyewe. Maana yake ni kwamba limebeba malighafi iliyotumika kuunda Dunia na sayari nyingine, ikiwa karibu haijaguswa tangu miaka bilioni 4.5 na zaidi iliyopita. Lina pia maji yaliyofungwa ndani ya madini yanayofanana na udongo wa mfinyanzi, pamoja na michanganyiko ya kaboni.

Mawe ya aina hii ni adimu kuliko dhahabu. Yaliyowahi kuonekana yakianguka yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kundi zima limepewa jina la kijiji chetu: herufi I katika alama ya CI inayotumiwa na wanasayansi wa vimondo kote duniani inasimama badala ya Ivuna. Desemba 2020, chombo cha Kijapani cha Hayabusa2 kilipoleta Duniani gramu 5.4 za vumbi kutoka kwenye asteroidi ya Ryugu, majibu ya maabara yalisema vumbi hilo linafanana zaidi na mawe ya kundi la Ivuna. Taifa lilituma chombo mamilioni ya kilomita angani, likarudi na kitu ambacho ndugu yake alishaangukia Momba bila nauli. Kipande kikubwa cha jiwe hilo kiko Makumbusho ya Historia ya Asili, London.

Kimondo kinachojulikana na watu wengi zaidi ni kile cha Mbozi, katika kijiji cha Ndolezi, nje kidogo ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Hicho ni jitu la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi. Makadirio ya uzito yametofautiana, kutoka tani 12 hadi zaidi ya 16. Karibu asilimia 90 ni chuma na inayobaki zaidi ni nikeli. Wenyeji walikuwa nacho siku zote. Ulimwengu wa nje ulikisikia mwaka 1930 kupitia kwa mpimaji ardhi William Nott. Palichimbwa shimo kukizunguka, na chini yake ikaachwa nguzo ya udongo, ndipo umbo lake lote likaonekana. Kwa mwenye baiskeli, Ndolezi ni mchepuko unaofaa. Lakini ukiniuliza mimi, kile kidogo cha Ivuna kina maneno mengi zaidi ya kusema.

Je, wajua kwamba Ziwa Rukwa halikai mahali pamoja? Ni ziwa pana lenye kina kifupi, kwa hiyo maji yakipanda au kushuka kidogo, ufuko husogea kilomita nyingi. Mwaka 1929 lilikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi. Miaka 10 baadaye lilifikia kilomita 128, na upana wa 40. Zamani za kale, mvua zilipokuwa nyingi, lilijaa hadi karibu mita 200 juu ya kiwango cha sasa, likamwagikia Ziwa Tanganyika upande wa Karema. Mskoti Joseph Thomson aliliona mwaka 1880, akalibandika jina la Leopold, jina ambalo halikudumu. Kwa msafiri, somo ni la moja kwa moja: usiiamini ramani ya zamani inayokuonyesha njia kando ya maji. Muulize mvuvi. Yeye pia atakueleza habari za mamba na viboko, na atakuuzia magege, samaki wa jamii ya perege ambaye asili yake ni ziwa hili.

Na hili je? Mbuga za nyasi zinazolizunguka ziwa ni mojawapo ya maeneo machache barani ambako nzige wekundu huzaliana na kukusanyika kabla ya kuruka. Kati ya 1930 na 1944, wimbi la nzige hao lilienea katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati na kusini. Baada ya hapo serikali kadhaa ziliona kwamba kupambana na nzige wakiwa tayari shambani ni kuchelewa. Inafaa kuwafuata walikozaliwa. Mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, makao yake Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, kwa sababu bonde la Rukwa liko karibu. Ziwa lenyewe nalo hushiriki katika vita hiyo: maji yakifunika mbuga, nzige hukosa ardhi ya kutagia.

Je, wajua kwamba habari ya kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza ililetwa kwa Jenerali Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck na mtu aliyekuwa juu ya baiskeli, naye jenerali mwenyewe akiwa juu ya baiskeli? Mwishoni mwa Oktoba 1918 jeshi lake, lililokuwa likikimbia na kupigana tangu 1914, lilipita Mbozi. Tarehe 2 Novemba likaishambulia Fife, kituo cha Waingereza kilichokuwa ng'ambo kidogo ya Tunduma ya leo, likashindwa kukiteka, likasonga kusini-magharibi hadi Kasama. Ulaya ilinyamaza tarehe 11 Novemba. Huku hakuna aliyejua. Tarehe 13, von Lettow akiwa njiani na baiskeli yake, alikutana na Kapteni Müller aliyekuja pia kwa baiskeli, akamwambia vita imekwisha: mjumbe wa Waingereza mwenye pikipiki alikuwa amekamatwa akiwa na barua. Tarehe 25 Novemba Wajerumani walikabidhi silaha Abercorn, wakiwa Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168, mbali na wapagazi.

Vitabu vingi huishia kwa jenerali. Ni vyema kukumbuka kwamba kila jenerali aliyepanda baiskeli alikuwa na mamia ya wapagazi nyuma yake waliotembea kwa miguu, wakiwa na mzigo kichwani, na ambao chakula chao kilitoka katika maghala ya vijiji kama hivi, kwa hiari au kwa bunduki.

Kabla ya vita hiyo palikuwa na barabara, au tuseme ndoto ya barabara. Mfanyabiashara wa Scotland, James Stevenson, alitoa fedha mwaka 1881 ili ijengwe njia kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika, ikipita Mwenzo na Fife, karibu kabisa na hapa. Wahandisi wake wawili wa mwanzo walikufa kwa homa, na sehemu iliyojengwa sawasawa ilikuwa fupi. Hata hivyo vipande vya meli ya wamisionari iliyoitwa Good News vilibebwa kwa njia hiyo na kuunganishwa Ziwa Tanganyika, ikaingia majini mwaka 1885. Wajerumani na Waingereza walipogawana ardhi kwa mkataba wa Julai 1890, mstari ulichorwa ili barabara ya Stevenson ibaki upande wa Mwingereza. Barabara ambayo haikukamilika ndiyo iliyoweka mpaka, na mpaka ndio uliowaacha Wanyamwanga nusu Tanzania, nusu Zambia. Wanaosukuma baiskeli zenye magunia kati ya Tunduma na Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mara nyingi wanaenda kwa shangazi na wajomba.

Mifupa, kwa ufupi. Katika miamba ya bonde la Rukwa na Songwe wameshatolewa Rukwatitan (ilitangazwa 2014) na Shingopana songwensis (2017), dinosaria wakubwa wala majani wenye shingo ndefu. Mifupa ya Shingopana ina matundu yaliyotobolewa na wadudu muda mfupi baada ya mnyama kufa. Mwaka 2013 likatangazwa taya la Rukwapithecus, wa umri wa miaka milioni 25, kati ya sokwe wa kale kabisa wanaojulikana. Na mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba chini ya bonde kuna gesi ya heli, ile inayopoza mashine za MRI hospitalini. Ukiona mitambo ya kuchimba visima kusini mwa Rukwa, hawatafuti maji.

Je, wajua kwamba lami ya Tunduma ni zao la siasa? Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa wachache mwaka 1965, Zambia ilifungiwa njia zake za kusini. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya vumbi iliyoua magari na madereva, ikabandikwa jina la njia ya jehanamu. Likafuata bomba la TAZAMA mwaka 1968, lenye urefu wa kilomita 1,710, kisha lami, kisha reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 iliyokabidhiwa mwaka 1976. Zote tatu zinapita pembe hii. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, takriban kilomita 220, ilipata lami baadaye sana, kwa msaada wa Marekani uliotiwa saini mwaka 2008.

Tukija kwenye chombo chenyewe. Baiskeli ya bonde hili ni ile ya chuma, nzito, yenye bomba la juu lililolala: zamani Raleigh, kisha Swala za Kampuni ya Taifa ya Baiskeli ya Dar es Salaam, kisha Phoenix ya Shanghai. Mafundi huiongezea keria ya nondo, huikaza njiti na kuikata mapambo yote. Haina gia. Watu wa mjini huicheka, ila wakipewa gunia la mahindi la kilo 100 na mlima wa changarawe, wanaanza kuielewa: mwenye nayo hapandi kabisa, anaisukuma, na baiskeli inakuwa mkokoteni wenye magurudumu mawili unaopita kwenye kichochoro cha mtu mmoja. Baiskeli ya mashindano yenye tairi jembamba kama kidole inafaa Tunduma hadi Sumbawanga, basi. Ukiipeleka Msangano utaibeba begani.

Je, wajua kwamba pana mzunguko kamili? Tunduma, Msangano, Kamsamba, kisha unavuka Mto Momba hadi Kilyamatundu mkoani Rukwa. Hapo zamani watu walivushwa kwa mitumbwi na wengine walichukuliwa na maji. Sasa kuna daraja la zege la mita 84. Ukishavuka, unafuata chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa kupitia Mtowisa hadi Muze, milima ikiwa kushoto na mbuga za ziwa kulia. Kutoka Muze unapanda ukingo hadi Ntendo, mlima ambao sioni aibu kusema utashuka na kusukuma, halafu Sumbawanga, na lami ya Laela inakurudisha Tunduma. Ukipenda kuanzia barabara kuu, njia ya Mlowo hadi Kamsamba nayo ipo, kilomita 130 hivi.

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Mvua zikianza Novemba, udongo mweusi wa mbugani hujaa kwenye madigadi ya gurudumu mpaka baiskeli igome, na vijito vinavyoonekana vya mzaha huwa mito. Beba tyubu mbili, viraka, pampu, na maji ya kutosha kwa sehemu za chini ambako jua halina huruma. Piga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kutandika hema. Fundi baiskeli utampata karibu kila senta, mara nyingi chini ya mti, lakini vipuri vyake ni vya Phoenix. Vya baiskeli yako ya gia 21 hana. Na kama siku zako ni chache, acha lami ya Sumbawanga, usiiache Ivuna.